Amt: Huduma, Wadhifa au Dhamana?

Mchungaji anapohamishwa usharika, kabla ya ibada ya kumuaga huwa kuna shughuli fupi isiyo na kwaya. Mara ya mwisho nilipoishuhudia tulikuwa wanne mezani: mchungaji anayeondoka, anayeingia, mzee wa kanisa, na mimi niliyeombwa kuandika. Palikuwa na kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, muhuri, funguo za stoo, kikombe na sahani ya Meza ya Bwana. Kila kitu kilishikwa, kikatajwa, kikasogezwa upande wa pili. Walipomaliza, mzee alimwambia mgeni: "Basi Mchungaji, dhamana sasa iko kwako."

Tangu siku ile siridhiki tena na neno tunalolitumia kufasiri Amt.

Amt ni neno la Kijerumani la herufi tatu tu. Mjerumani hulitumia kwa idara ya serikali, kwa cheo, na kwa jukumu ambalo mtu amepewa alitimize kwa niaba ya wengine. Katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya tano, nakala ya Kijerumani inataja Predigtamt, yaani Amt ya kuhubiri. Nakala ya Kilatini ya ibara hiyohiyo inasema ministerium, utumishi. Kiswahili cha kanisani kimeshika njia ya Kilatini, na Amt imekuwa "huduma". Ni neno zuri, lina unyenyekevu. Lakini ukilitumia kusimulia ugomvi mkubwa wa Walutheri waliohamia Marekani katika karne ya 19, ugomvi wenyewe haueleweki.

Novemba 1838, meli tano ziliondoka Bremen zikiwa na Walutheri zaidi ya 600 kutoka Saksonia. Moja, Amalia, ilipotea baharini na haikuonekana tena. Kiongozi wao alikuwa Martin Stephan, mchungaji wa Dresden, na walimwamini kiasi cha kumfanya askofu wakiwa bado baharini, Januari 1839. Walikaa St. Louis na katika wilaya ya Perry, jimbo la Missouri. Hata mwaka haukuisha. Mei 1839 Stephan alivuliwa uaskofu kwa tuhuma za uzinzi na matumizi mabaya ya fedha, akavushwa mto Mississippi hadi upande wa Illinois.

Jiweke mahali pa waliobaki. Umeuza shamba lako, umezika watoto njiani, na mtu uliyemwona kuwa mlango wa kanisa amefukuzwa. Wachungaji waliokuja nawe waliacha sharika zao Saksonia kwa hiari yao. Je, bado ni wachungaji? Mtoto aliyebatizwa wiki iliyopita, amebatizwa na nani? Wapo walioamini kwamba hapakuwa tena na kanisa pale, ila kundi la watu waliopotea njia ambao heri wangerudi kwao.

Aprili 1841 waliyajadili hayo hadharani huko Altenburg, Missouri. Mwanasheria Franz Adolph Marbach alisimama upande mmoja. Upande wa pili alisimama C. F. W. Walther, mchungaji wa miaka 29. Walther alishikilia kwamba Neno linapohubiriwa na sakramenti zinapotolewa, kanisa lipo, hata kama watu wake wamekosea vibaya. Na kanisa likiwapo, lina mamlaka ya kumwita mchungaji. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1852 kuhusu kanisa na Amt, alilipanga wazo hilo kwa hoja: Amt imewekwa na Mungu mwenyewe, si sawa na ukuhani wa waamini wote, lakini Mungu humkabidhi mtu Amt hiyo kupitia usharika unaomwita.

Mjini Buffalo, Johannes Grabau alilipinga hilo kwa nguvu. Alikuwa amefungwa jela Prussia kwa kukataa liturujia ya kanisa la muungano wa Walutheri na Wakalvini iliyolazimishwa na mfalme, akahama na watu wapatao 1,000 mwaka 1839. Kwake, usharika peke yake hautoshi kumpa mtu Amt. Sharti wachungaji waliokwisha kubarikiwa wambariki kwa utaratibu wa zamani. Wilhelm Löhe, aliyekuwa akituma watumishi Marekani kutoka Bavaria, naye aliona kwamba Walther anaupa usharika mno. Walther alisafiri hadi Ujerumani mwaka 1851 kuzungumza naye, lakini mwaka 1854 wafuasi wa Löhe walianzisha sinodi yao ya Iowa.

Sasa weka "huduma" katika ugomvi huu. Nani anatoa huduma? Mchungaji, kwa washarika. Mshale unatoka kwake kwenda kwao, na swali la nani alimpa hata halijitokezi. Tena siku hizi "huduma" imepata maana nyingine mitaani: mtu husema "nina huduma ya maombezi", na bango hubeba huduma ya nabii fulani pamoja na picha yake. Huduma imekuwa mali ya mwenye karama. Grabau na Walther, pamoja na uhasama wao wote, wangelikataa hilo kwa sauti moja.

"Ofisi" imekwisha kuwa chumba chenye meza. "Wadhifa" unasogea karibu, kwa kuwa mtu hupewa na huvuliwa, ila unabeba mno harufu ya ukubwa.

Ndiyo maana narudi kwa mzee wangu. Dhamana si yako, umepewa ushike. Serikalini tunamtaja "waziri mwenye dhamana ya maji", na kila mtu anaelewa kuwa maji si yake. Ukisema "dhamana ya Neno na Sakramenti", papo hapo msikilizaji anauliza: nani kamkabidhi? Hapo ndipo ugomvi wote unapofunguka. Walther anajibu: Kristo, kupitia usharika. Grabau: Kristo, kupitia wachungaji. Neno haliegemei upande wowote, linaacha wote wawili waseme. Na ile istilahi nzito ya Walther, Übertragung, inapata tafsiri bila kuhangaika: makabidhiano.

Kwetu katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mchungaji hupangiwa kituo na dayosisi, hivyo jibu letu si la Buffalo wala la Missouri. Hata kitenzi chetu, "kubarikiwa kuwa mchungaji", kinaonyesha mikono ya wengine kichwani bila kutaja dhamana ilitoka wapi. Siku ile ya makabidhiano, kwenye daftari niliandika tarehe na idadi ya vitabu. Mchungaji anayeondoka alitia sahihi kwanza, kisha anayeingia, na mzee wa kanisa akatia ya tatu chini yao.