Wakfu wa Bagan: Pagoda, Ardhi na Hazina ya Wafalme

Bagan, mji wa kale ulioko ukingo wa mashariki wa mto Irrawaddy katika nyanda kame za katikati ya Myanmar, nchi iliyojulikana zamani kwa jina la Burma, ulistawi kama makao ya wafalme kuanzia karne ya 11 hadi mwishoni mwa karne ya 13. Katika muda huo uwanda wake ulijengwa pagoda, mahekalu na nyumba za watawa kwa maelfu, na majengo na magofu zaidi ya 3,500 yamesalia hadi leo. Mahujaji wa Kibuddha wanaofika kwa siku chache huzuru yale makubwa tu, lakini wingi huo ndio unaodai maelezo, kwa kuwa hakuna mji ambao ungehitaji mahali pengi kiasi hicho kwa ajili ya sala pekee.

Sababu yenyewe ni thawabu. Katika Theravada, madhehebu ya Kibuddha ambayo mfalme Anawrahta, aliyetawala kuanzia 1044 hadi 1077, aliyaegemeza kwenye nguvu ya dola, muumini hujiandalia maisha yajayo yaliyo bora kwa kutoa, na kujenga kulihesabiwa miongoni mwa sadaka zilizo kuu. Mwenye mali alijenga zedi, yaani pagoda isiyo na chumba ndani, inayohifadhi masalio matakatifu na ambayo waumini huizunguka miguu mitupu huku wakiiweka upande wao wa kulia, au alijenga hekalu lenye kumbi na sanamu. Walioshiriki hawakuwa wafalme na malkia peke yao, kwani kwenye matofali mengi bado yanasomeka majina ya vijiji vilivyoyatoa.

Jengo hata hivyo huhitaji matunzo, na hapo ndipo ulipo msingi wa historia yote ya Bagan. Maandishi yaliyochongwa kwenye mawe yanaonyesha kwamba mtoaji aliambatanisha na jengo lake mashamba ya mpunga, mifugo na hata watu, ambao wao na vizazi vyao walifungwa katika utumishi wa pagoda, kisha akatamka laana nzito juu ya yeyote ambaye angethubutu kuigusa mali hiyo. Huu ulikuwa wakfu kamili, usiotozwa kodi na usiorudi kwa mfalme. Maandishi hayo hayo yanataja ujira wa waashi, wachoraji na wachonga mbao, uliolipwa kwa fedha, mpunga au wanyama, jambo linalothibitisha kwamba ujenzi huu uliwalisha watu wengi.

Ustadi wa mafundi hao unaonekana vizuri katika hekalu la Ananda, ambalo kwa mapokeo ni la mwaka 1105, enzi ya mfalme Kyanzittha. Ndani yake Mabuddha wanne waliopakwa dhahabu, kila mmoja akiwa na urefu wa takribani mita 9.5, wamesimama wakizielekea pande nne za dunia, na yule wa kusini, akitazamwa kutoka mbali, huonekana akitabasamu, ilhali anayemkaribia miguuni huona uso mzito wenye huzuni.

Mwanahistoria Michael Aung-Thwin amejenga hoja kwamba ukarimu huu ndio uliodhoofisha dola, kwa maana kila ekari iliyowekwa wakfu ilipunguza kodi iliyowalipa askari na maofisa, na mfalme aliyejaribu kuirudisha ardhi alijikuta akishindana na dini iliyompa uhalali wa kutawala. Hoja hiyo ina uzito kuliko masimulizi yanayowatwisha Wamongoli lawama yote kwa mashambulizi yao ya kati ya 1277 na 1287, kwani waliikuta dola ambayo hazina yake ilikuwa imeshapungua.

Wafalme walipoondoka, waumini walibaki. Hata Vita vya Pili vya Dunia vilipofika kwenye mto Irrawaddy, mnamo Februari 1945, ambapo Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya, yaani King's African Rifles, ilipigana ng'ambo, kusini mwa Bagan, ili kuwahadaa Wajapani kuhusu mahali halisi pa kuvukia, pagoda hizo zilikuwa bado mahali pa ibada. Tetemeko la ardhi la tarehe 8 Julai 1975 liliziharibu nyingi, na katika miaka ya 1990 mamia yalijengwa upya kwa michango ya waumini, mara nyingi kwa kukisia umbo la awali.

Wataalamu wa mambo ya kale waliulaumu ujenzi huo, na lawama yao ni ya haki kila mahali ambapo kazi ya kale ilifunikwa au kuondolewa, kwa kuwa ikishapotea hairudi. Kosa lilikuwa katika usimamizi. Mchango wenyewe ni desturi ile ile iliyouinua mji, na kuukataza kungekuwa kuikata Bagan na chanzo chake. UNESCO iliiingiza Bagan katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni desturi hiyo ya kutafuta thawabu, inayoendelea hadi sasa.