Bomba la Tyndall
Royal Institution, London

Mwanafizikia John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alitumia bomba hili la shaba katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1859. Tazama ncha zake: zilizibwa kwa vibao vya chumvi ya mawe, maana kioo kingezuia joto. Upande mmoja maji yalichemka. Upande wa pili sindano ya galvanomita ilionyesha joto lililopenya.

Zilipojazwa ndani ya bomba, oksijeni na nitrojeni zilipitisha joto. Mvuke wa maji na kabonidioksaidi vililinasa.

Ndivyo angahewa inavyopata joto: jua hupasha ardhi, ardhi hutoa joto, na gesi hizo hulinasa na kurudisha sehemu yake chini.

Bomba limehifadhiwa kwa sababu ni miongoni mwa vifaa vya kwanza kulipima jambo hilo maabarani.