Mgongano wa Staarabu na Fundisho la Kanisa

Waamini wetu huuliza mara kwa mara kama vita vinavyosikika redioni ni vita vya Wakristo na Waislamu. Hapa Mhezi na katika milima yote ya Upare, swali hilo linawahusu ndugu wa damu. Tunalieleza kwa kifupi.

Nadharia yenyewe

Mwaka 1993 Samuel Huntington, mwanazuoni wa siasa nchini Marekani, aliandika makala ambayo aliipanua kuwa kitabu mwaka 1996. Alidai kwamba baada ya Vita Baridi mataifa yatagombana hasa kwa sababu ya tofauti za staarabu, yaani dini, lugha, historia na desturi, kuliko itikadi au uchumi. Aliorodhesha ustaarabu wa Magharibi, wa Kiislamu, wa Kichina, wa Kihindu na mwingineo. Ule wa Afrika aliutaja kwa neno “labda”. Pwani ya Afrika Mashariki aliihesabu upande wa Uislamu.

Nadharia hii ina sehemu ya ukweli: imani humgusa mtu ndani kuliko sera za chama, na siasa isiyolijua hilo hukosea. Tatizo ni mipaka inayoichora.

Mpaka uko wapi?

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilipita chini ya milima yetu, na Uislamu ukaja kwa njia hiyo. Mwaka 1900 Walutheri wa Leipzig walifungua misheni Shigatini. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato walifika Upare. Wakatoliki nao walikuja. Leo ukoo mmoja wa Kipare una watu wa madhehebu hayo yote pamoja na Waislamu, na wote huitwa kwenye msaragambo.

Hata sala zetu hushuhudia hivyo. Maneno salamu, neema, imani, dhambi, msalaba na injili yana asili ya Kiarabu. Neno ustaarabu lenyewe limetoka huko.

Nani hasa huuana?

Tarehe 7 Agosti 1998 Al-Qaeda ililipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Waliokufa, zaidi ya 200, wengi wao walikuwa Waafrika, Wakristo na Waislamu pamoja. Mwaka 1994 nchini Rwanda waliouana walikuwa na lugha moja, na wengi wao walibatizwa katika Kanisa letu. Hapo ustaarabu haukugongana na mwingine; watu walifundishwa kumchukia jirani, wakatii.

Hatufichi majeraha yetu. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika kanisa la Olasiti, Arusha, na waamini watatu wakafa. Haki ni lazima itafutwe, lakini kosa la mhalifu haliwezi kubebeshwa dini nzima.

Fundisho la Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwahimiza Wakristo na Waislamu kuyaacha magomvi ya kale na kutafuta kuelewana, bila Kanisa kuacha kumtangaza Kristo. Mwaka 2003 Mtakatifu Yohane Paulo II alipinga vita vya Iraki. Tarehe 4 Februari 2019, huko Abu Dhabi, Baba Mtakatifu Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad Al-Tayyeb, walitia sahihi Hati juu ya Udugu wa Kibinadamu.

Wajibu wetu

Kwanza, tusisambaze kwa simu ujumbe unaowachafua watu wa dini nyingine kabla ya kujua ukweli wake. Pili, tusikose msiba wala arusi ya ndugu kwa sababu ya dini yake. Tatu, Jumuiya Ndogondogo zifundishe watoto imani yetu kwa kina. Kijana anayeijua imani yake hahitaji adui ili ajione kuwa Mkristo.