Maji ni ya Mungu, Umeme wa Nani?

Juzi nilikuwa Soni, kwenye yale maporomoko unayoyaona ukipandisha Lushoto kutoka Mombo. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekaa kando ya barabara, tukaanza stori. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Maji haya ni ya Mungu, yanashuka yenyewe. Mbona umeme tunanunua?"

Nilicheka, lakini swali halikunitoka kichwani.

Turudi nyuma kidogo. Mto wa Soni unashuka Mombo, unaingia Mkomazi, na Mkomazi unaingia Pangani. Huko chini, tangu miaka ya 1930, maji yamekuwa yakizungusha mitambo kwa ajili ya Tanga na mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 kikaja kituo cha Hale, megawati 21. Mwaka 1995 kikaanza kituo kipya cha Pangani, megawati 68, kwa msaada wa Ufini, Norwei na Uswidi.

Maji ni bure kweli. Ghali ni zege, mitambo, nyaya, na akiba. Mvua hainyeshi kila siku, ila taa tunawasha kila usiku. Ndiyo maana miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, yaani betri kubwa ya maji. Hata umeme wa jua una hesabu hiyohiyo: bei ya paneli imeanguka sana tangu 2010, lakini jua likizama unahitaji betri, nayo inauzwa.

Sasa tazama ramani. Nyumba ya Mungu liko juu zaidi, kabla maji ya Usambara hayajaingia mtoni. Maji ya Soni hayapiti kwenye bwawa lile. Betri yake ni msitu wa Magamba na udongo wa milimani, unaonyonya masika na kuachia maji taratibu wakati wa kiangazi.

Betri hiyo inatunzwa na nani? Mwaka 1946 Waingereza walianza mradi Mlalo, baadaye wakaupanua: mkulima alilazimishwa kulima matuta kuzuia mmomonyoko. Wasambaa wakagoma, mradi ukafa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ukihimiza miti na hifadhi ya udongo. Lengo halikuwa umeme, lakini jembe lililotumika ni la mkulima yuleyule. Na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007 tu! Miaka yote hiyo vijiji vingi vya mlimani vilitunza maji huku vikiwasha koroboi.

Mwaka 2006 ukame ulipoleta mgawo, wengi wetu mjini tulilaani mabwawa. Nani alikumbuka msitu?

Nikirudi Soni nitamjibu: Mzee wangu, tunalipia zege na nyaya. Kazi yako ya kutunza maji sijaiona kwenye risiti ya luku.