Tarehe ya Mitumbwi ya Mto Ugalla

Mto Ugalla hukusanya maji ya nyika za Tabora na Katavi, ukayafikisha Ziwa Sagara, kisha Malagarasi, hatimaye Tanganyika. Masika hufurika mbugani. Kiangazi hukatika, yakabaki madimbwi marefu yenye viboko na mamba. Vyombo vya eneo hili vilifuata tabia hiyo ya maji.

Chombo cha kale kilikuwa cha gome. Msafiri Mwingereza Richard Burton, alipovuka Malagarasi Februari 1858 akielekea Ujiji, alikuta vyombo vya gome la myombo lililoshonwa kwa nyuzi za gome hilohilo, pamoja na mitumbwi ya gogo. Gome la myombo ndilo pia linalotengenezewa mizinga ya nyuki ya Wagalla na Wakonongo. Kazi zote mbili zataka jicho moja: kutambua shina lililonyooka, na kubandua gome zima bila kulipasua. Gharama yake ni moja pia, kwani mti uliobanduliwa mzunguko mzima hufa.

Mwenye mtumbwi alikuwa mwenye njia. Mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, karibu na Tabora, viliifunga njia ya kawaida ya misafara, msafiri Henry Morton Stanley akazunguka kusini kupitia Ukonongo. Alipofika Malagarasi ilimbidi alipe ndipo avushwe, na hata hivyo punda wake mmoja alichukuliwa na mamba mtoni.

Mtumbwi wa gogo ulidumu kuliko wa gome. Tako lake ni la mviringo, halina mkuku. Jahazi la baharini huhitaji mkuku ili upepo usilisukume kando. Ugalla, mkuku kama huo ungenasa kwenye matope na mizizi. Hapa mkuku ni mkono wa mwendeshaji: upondo penye kina kifupi, kafi penye kina kirefu, na macho yasiyobanduka majini kwa sababu ya kiboko.

Baadaye nafasi ya mtumbwi ilibadilika. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, ilifika mwaka 1950 ikabeba mizigo na abiria. Mwaka 1965 likatangazwa Pori la Akiba la Ugalla. Wavuvi na warina asali wakawa wanaingia kwa kibali na kwa msimu. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi, pamoja na mbuga za Ugalla, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, la kwanza kwa Tanzania. Mwaka 2019 ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa uvuvi na urinaji wa asali havina nafasi.

Uhifadhi huo ni wa haki, maana bila mto hakuna mtumbwi. Lakini ujuzi nao ni mali ya kuhifadhiwa. Halmashauri za Nsimbo na Kaliua, pamoja na walimu wa historia, wawaendee wazee waliochonga na kuendesha vyombo hivi, waandike majina ya miti, vipimo na vivuko, wahifadhi japo mtumbwi mmoja mahali ambapo mtoto wa shule ataugusa. Kazi hiyo ianze wazee hao wangali hai.