Keg, Sita kwa Kumi

Wasee wa Ngong Road huonja bia wakizipa alama: harufu, povu, uchungu. Jumamosi nilijaribu hivyo kwenye baa ya keg Kaloleni, kalamu mkononi. Senator: povu linaisha kabla hujakaa, uchungu mdogo, utamu kama wa uji uliolala. Sita kwa kumi. Mzee niliyeketi naye akacheka. "Kijana, sisi ladha hatukuwahi kuulizwa."

Alikuwa na pointi. Desemba 1922, kreti kumi za kwanza za Kenya Breweries zilipelekwa Stanley Hotel. Mwafrika hakuruhusiwa bia ya chupa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Yeye alitengewa pombe ya kienyeji, tena ile iliyouzwa na manispaa yenyewe kule Pumwani. Mama aliyepika busaa chumbani mwake alikamatwa, ikamwagwa. Faida ya manispaa nayo iliitwa pesa za huduma kwa Waafrika. Mlevi alijijengea mtaa, kikombe kwa kikombe.

Senator yenyewe ilikuja 2004 kwa nafuu ya ushuru, ili watu waache chang'aa hatari. 2013 serikali ikakata nusu ya nafuu hiyo, bei ikaruka, watu wakarudi vichochoroni. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. 2015 nafuu ikaongezwa tena.

Mzee alichukua kalamu yangu, akafuta sita, akaandika saba.

"Hiyo moja ni ya bei," akasema.