Kusoma anwani ya tovuti kabla ya kulipia mzigo

Mfanyabiashara au msafirishaji anayeanza kutumia intaneti ajifunze kwanza kusoma anwani ya tovuti, iliyoandikwa juu ya ukurasa. Baada ya https://, soma hadi mkwaju (/) wa kwanza. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo humtambulisha mwenye tovuti.

Mamlaka za mapato za nchi jirani:

- Tanzania: tra.go.tz
- Kenya: kra.go.ke
- Uganda: ura.go.ug
- Rwanda: rra.gov.rw

Herufi mbili za mwisho ni za nchi. "Go" au "gov" ni ya serikali. Anwani ya .com husajiliwa na mtu yeyote. Hivyo anwani inayoanza na tra.go.tz lakini inaishia na .com si ya TRA, hata kama nembo ni ileile. Nayo https huficha mawasiliano yakiwa njiani tu. Haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti.

Ukipokea ujumbe wa simu wenye kiungo, ukidai ulipie mzigo uliokwama mpakani, usikibofye. Andika mwenyewe anwani ya mamlaka, ingia, kisha hakikisha deni lipo kabla ya kutuma fedha.